Sifa za Mjuzi wa Gemu

Mtazamaji wa bao hasifiwi inavyostahili, ingawa bila yeye mchezaji asingejua kwamba amekuwa akikosea kete tangu asubuhi. Ndugu yake wa leo, mjuzi wa gemu, naye hana wa kumshukuru. Nimejitolea.

Tumpime kwa Metroid Dread, gemu ya Nintendo iliyotoka tarehe 8 Oktoba 2021 kwa ajili ya Switch, ile mashine ya kubeba mkononi. Shujaa wake, Samus Aran, anazinduka kwenye vina vya sayari ya ZDR akiwa amepokonywa karibu nguvu zake zote, na chombo chake kiko juu kabisa. Hakuna hatua ya kwanza na ya pili za kupita kwa zamu. Kuna mapango yanayoingiliana, na mlango uliokukatalia mapema utaurudia baadaye ukishapata silaha ya kuufungua.

Gemu hii ilinong'onwa tangu mwaka 2005, enzi za Nintendo DS. Mtayarishaji wake, Yoshio Sakamoto, alikuja kueleza kwamba mashine za wakati ule hazikuweza kubeba alichokuwa akikiwaza. Mjuzi akasubiri miaka 16. Ilipotangazwa Juni 2021 aliitazama video ya tangazo, na kabla haijafika mwisho alikuwa keshaihukumu. Dola 60 kwa gemu inayotazamwa kwa ubavu! Sisi wengine tulilazimika kungoja mpaka Oktoba ndipo tujue kama tumeipenda.

Siku ilipotoka alianza na hoja nzito: gemu haina uhuru. Ukweli ni kwamba watengenezaji, MercurySteam wa Hispania, wana ujanja wa kufunga njia nyuma yako bila kukuambia, ili uhangaike katika vyumba vichache ambamo ndimo lilimo jibu. Unajiona mpelelezi kumbe umeswagwa. Mjuzi aliligundua hilo mara moja, akalilaani. Jioni hiyohiyo alipotea katika eneo la Dairon, akailaani ramani kwa kutomwonyesha pa kwenda. Watu wa akili ndogo wataona mgongano hapo. Mimi naona upana wa kifua: si kila mtu anaweza kuelekezwa kupita kiasi na kutelekezwa kwa wakati mmoja.

Tena wapo wachezaji waliochokonoa kuta hadi wakapata njia ya kuchukua mabomu kabla ya wakati wake, wakaenda nayo kwa Kraid, lile jitu lililofungwa minyororo kule Cataris. Walikuta watengenezaji wamewatangulia: mlikuwa na tundu la mwenye mabomu, na pambano likaisha upesi. Mimi nilidhani hilo lingefuta mashtaka. Mjuzi akanifundisha kwamba uhuru uliotayarishwa na mtu mwingine si uhuru. Sijapata jibu mpaka leo, na nashuku yeye pia hakuwa akilitafuta.

Halafu kuna zile roboti saba, E.M.M.I., zinazokuwinda katika maeneo yake. Silaha za kawaida hazizidhuru. Ikikukamata unapewa upenyo mwembamba mno wa kujinasua. Ukiukosa umekufa, na unarudishwa karibu na mlango ulioingilia. Mjuzi alitamka kwamba ni ukatili kuuawa na kitu usichoweza kukipiga. Alitamka pia kwamba hazitishi hata kidogo, maana ukifa unarudishwa hapo mlangoni tu. Ukimsikiliza hadi mwisho unajifunza kwamba gemu nzuri ingemwua kwa nadra zaidi na kumwumiza zaidi.

Kuhusu urefu ndipo alipofikia kilele. Alitangaza kwamba ameimaliza kwa saa saba, na kwamba saa saba kwa bei ile ni wizi. Kuna jambo dogo hapa. Saa iliyomo ndani ya gemu haihesabu muda uliopotea kila unapokufa, na roboti saba zinaweza kumpotezea mtu muda mwingi sana. Kumbukumbu za Switch yenyewe huwa zinataja idadi nyingine. Lakini mtu muungwana hafungui kumbukumbu za mwenzake.

Kinachonivutia zaidi ni huruma yake kwa wazee. Metroid Fusion ya mwaka 2002, ambayo hadithi ya Dread inaifuata moja kwa moja, ilipotoka alisema inampangia safari kama mgeni wa serikali. Sasa ndiyo mizani anayopimia gemu mpya, na kila gemu mpya inapungua. Ni vigumu kumpata hakimu mwingine anayesamehe washtakiwa wote kwa sharti moja tu, kwamba wazeeke.

Nintendo, kwa udhaifu wa wafanyabiashara, walimsikiliza. Februari 2022 walitoa nyongeza ya bure yenye viwango viwili vipya: kimoja cha wanagenzi, ambacho Samus anapona kwa urahisi zaidi, na kingine ambacho ukiguswa mara moja tu umekufa. Aliyelia ugumu akapata wepesi, aliyelia wepesi akapata kifo. Mjuzi, aliyekuwa amelia yote mawili, hakupata nafasi ya kujaribu hata kimoja. Ilikuwa imetangazwa kwamba Aprili ingekuja nyongeza nyingine, ya kupambana na mabosi mfululizo, na bado hakukuwa na mtu aliyeilalamikia.