Ukwaju na Hela za Mjerumani

Niliporudi kutoka msibani Korogwe nilimkuta mama mkwe uani, amekaa mkekani, miguu kainyoosha, sinia la shaba mapajani, na ndani ya sinia hela zangu zote zinang'aa. Ninaposema hela sisemi fedha ya matumizi. Nasema hela hasa, zile alizozianzisha Mjerumani mwaka 1904 kwa jina la heller, mia moja kwa rupia moja. Yeye alikwenda zake, jina tukabaki nalo mpaka leo, na mimi nikabaki na kopo zima la sarafu zenyewe. Nilikuwa nalo, niseme.

"Karibu baba," mama akanipokea. "Poleni na msiba. Vitu vyako hivi vilikuwa vimeoza, nimekusafishia."

Kando yake kulikuwa na bakuli la ukwaju, fungu la mchanga laini wa pwani, na kitambaa ambacho wiki iliyopita kilikuwa shati langu. Wajukuu walikuwa wanasuuza na kuanika. Nikaiona hela tano ya mwaka 1908, lile dude la shaba lenye kipenyo cha milimita 37, ukilishika kiganjani unajua umeshika kitu. Nililipenda kwa rangi yake ya kahawia iliyokolea, kama halua iliyoiva. Sasa lilikuwa la waridi, kama ufizi wa mtoto mchanga.

Nilikaa chini bila kuangalia kama pana kiti.

Habari hii ina miaka minne. Ilianza Ngamiani, kwa mzee anayeuza kufuli kuukuu na vyuma vya cherehani, siku aliponiuzia sarafu ya kwanza nami nikarudi nyumbani na mpango mzima wa uzeeni. Ng'ombe hufa, nikamweleza mke wangu. Kiwanja hutokea watu watatu wenye hati. Sarafu haili wala haiugui.

"Na wala haitagi," akasema.

Yeye alikuwa anataka friza, auze barafu za ubuyu kwa watoto wa shule. Tangu siku hiyo kila nilichonunua kilipimwa kwa friza. Hiyo umenunua mlango. Hiyo mota. Ilipofika mwaka wa tatu, kwa hesabu zake, friza ilikuwa imekamilika, imebaki waya na plagi.

Na hesabu yake haikuwa mbaya. Sarafu haikupi riba. Faida yake yote imekaa kwa mtu mmoja usiyemjua, ambaye labda atakuja siku moja akiitaka kuliko unavyoitaka wewe. Mimi nilidhani uzee peke yake unatosha, kama vile watu watampenda mtu kwa sababu tu ana miaka mingi.

Mwaka wa pili niliipata senti kumi ya tundu, ya mwaka 1936, ina jina la Edward wa Nane. Nilikuwa nimesoma kwamba mfalme huyu hakumaliza hata mwaka kitini, akaacha ufalme kwa ajili ya mwanamke, na kwamba kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazishikiki. Nilimwamsha mke wangu saa nane za usiku nikamwambia ada ya chuo ya mtoto imepatikana. Kumbe sarafu ya tundu haina mahali pa kuweka sura. Za kwetu ziliandikwa jina tu, zikapigwa chapa kwa mamilioni kabla mwenyewe hajaondoka. Ziko tele. Fundi wangu wa bati aliniambia babu yake alikuwa akizitumia kama washa za misumari.

Zikafuata shilingi za simba, za miaka ya 1920. Muuzaji aliapa kuwa ni fedha tupu. Fedha iliyomo ni robo, na zile za kuanzia 1948 haimo kabisa. Hapo namlaumu muuzaji kidogo na Kiswahili zaidi, lugha inayoita fedha kila kitu kinacholipia nyama.

La tembo nitalipita haraka maana bado linauma. Mwaka 1916, Wajerumani wamezingirwa na vita na sarafu haziingii tena kutoka kwao, walipiga zao wenyewe Tabora, katika karakana ya reli. Walipiga hela ishirini za shaba ya njano, na wakapiga rupia kumi na tano za dhahabu ya Sekenke, zenye tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Kijana mmoja akaniletea tembo huyo kwa bei ya kuku wawili. Mke wangu aliuliza swali moja tu, nani anauza dhahabu kwa bei ya kuku. Nikanunua. Baada ya wiki mbili tembo akaota kijani sikioni.

Lakini ile hela ishirini ya Tabora niliipata kweli, kutoka kwa mjane mmoja wa huko huko. Ina taji, ina herufi D.O.A., ina 1916, na chini kabisa T ndogo. Hiyo ndiyo nilikuwa nikiitoa usiku nikiiangalia.

Sasa kosa, na kosa ni langu. Nilizitia sarafu zote kwenye vifuko vya plastiki laini, nikazifungia katika kopo la biskuti, nikaliweka kopo rafu ya juu jikoni. Hewa ya Tanga mnaijua. Plastiki ile ikatoka jasho, shaba ikashika utelezi wa kijani. Mama mkwe akaja kututembelea, akatafuta iliki, akafungua kopo. Yeye amekulia kwenye sufuria za shaba, na kwa watu wa enzi hizo sufuria ikiota kijani haipikiwi tena mpaka ipelekwe ikatiwe bati, maana kile ni sumu. Aliona sumu jikoni kwa wajukuu wake. Mngetaka afanye nini?

"Mama," nikasema taratibu, "thamani yake ilikuwa kwenye ule uchafu."

Nilijisikia mjinga kabla sijafika mwisho wa maneno. Jikoni nikasikia upawa umeanguka, kisha kicheko.

Mama hakucheka. Aliokota pesa moja kwenye sinia, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Ilikuwa ile ya Kampuni ya Wajerumani, tai upande mmoja, na upande wa pili maandishi ya Kiarabu ambayo kwa miaka minne niliyachukua kama mapambo.

"Sharika Almania," akasoma. "Elfu moja mia tatu na tisa." Akanitazama. "Mwaka wa Kiislamu huo, baba. Sasa angalau inasomeka."

Nikageuza. Upande wa tai, 1892. Mama alihitimu chuoni akiwa na miaka tisa. Mimi nina shahada.

Mwezi uliofuata nilizipeleka Dar es Salaam kwa mnunuzi. Alikuwa na lenzi jichoni na kitambaa cheusi mezani. Akachukua ya kwanza, akaiinamisha kwenye mwanga, akaiweka. "Imeoshwa." Ya pili. "Imeoshwa." Ukali wake ulikuwa wa upole, hakupandisha sauti hata mara moja. Alipofika kwenye hela tano ya waridi aliniuliza kama ninauza kwa kilo. Kisha, akiwa anazirudisha, akaulizia kitu cha Tabora.

Njiani kurudi, basi likiwa Chalinze, nikakumbuka kwamba T ndogo sikuiona kwenye sinia.

Nyumbani tulihojiana sote. Mwanetu mdogo wa miaka saba hakuona sababu ya kuficha. Alipokuwa akisuuza aliikuta moja imebaki chini ya kopo, imeandikwa HELLER, akaisoma hela, na hela mahali pake ni kibubuni.

"Ni ya baba hiyo," nikasema.

"Imeandikwa ishirini," akasema. "Baba anipe ishirini."

Nikachomoa noti mbili za elfu kumi. Akaziangalia, akamwangalia bibi yake, akasema kibubu hakivunjwi mpaka Idi, bibi ndiye aliyesema. Bibi akatikisa kichwa kwamba ndivyo.

Kwa hiyo hela yangu ya mwisho isiyojua ukwaju imo humo, ndani ya sanduku la mbao, imechanganyika na mia mbili mbili. Usiku wakishalala nakwenda kulitikisa nisikie kama bado imo.

"Unajua kila ukitikisa zinakwaruzana," mke wangu akaniambia juzi gizani.

Sasa natikisa Ijumaa tu.