Hati ya Kumkamata Zuckerberg Iko Wapi?

Kwa Kiongozi wa Mashtaka,
Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu (ICC),
The Hague, Uholanzi.

Mheshimiwa,

KUH: KESI YETU DHIDI YA FACEBOOK

Salamu kutoka Mombasa. Nakuandikia kwa niaba ya kundi la WhatsApp la ukoo wetu, ambalo limekusubiri mpaka limechoka.

Tangu mwaka 2012 watu wanabandika Facebook lile tangazo la kuikataza kampuni kutumia picha zao, na kuonya kwamba atakayekaidi ataadhibiwa kwa Mkataba wa Roma. Huo ndio mkataba ulioiunda mahakama yako, na Kenya iliuridhia mwaka 2005. Nimesoma kifungu cha 5: mauaji ya halaiki, uhalifu dhidi ya binadamu, uhalifu wa kivita, uvamizi. Picha za harusi ya binamu yangu sikuziona humo. Ami, aliyetubandikia tangazo, kaniambia nirudie kusoma, maana limeandikwa na mwanasheria.

Mpwa wangu mmoja ni mbishi. Anadai tulikwisha kufunga mkataba siku ile tulipobonyeza "Nakubali", na tangazo halitengui kitu. Tulimtoa kundini. Tukamrudisha, kwa kuwa ndiye fundi wa simu zetu.

Dharau zake zinapingwa na ushahidi. Mwaka 2019 serikali ya Marekani iliitoza Facebook faini ya dola bilioni 5, baada ya data za watumiaji kuvuja katika kashfa ya Cambridge Analytica. Sisi tunajua ni tangazo la Ami lililofanya kazi. Mwaka 2024 akabandika jingine, la kuikataza Meta, mmiliki wa Facebook na WhatsApp, kuifunza akili unde kwa maneno yetu. Matokeo tunayangoja.

Lakini kubwa lililotuleta kwako ni la shangazi. Juzi tulikuwa na mchango wa mazishi. Alituma shilingi 200, kisha akaubandika kundini ujumbe wa M-Pesa kama ulivyo: jina la mwekahazina, saa, na salio lake yeye mwenyewe, elfu arobaini na ushei. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshapigiwa simu na jamaa wenye karo, wenye kodi ya nyumba, na mmoja mwenye ng'ombe mgonjwa. Shangazi haoni mtu mwingine aliyevujisha siri hiyo ila Zuckerberg. Mpwa anasema ujumbe wa WhatsApp unasimbwa tangu 2016, hata kampuni yenyewe haiusomi. Inachojua ni nani anawasiliana na nani, na saa ngapi. Kwa hesabu yake, Zuckerberg ni miongoni mwa wachache ambao hawakuliona salio lile. Tafadhali chunguza.

Wako wanaotushauri twende Nairobi, kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, aliyeipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 mwaka 2023 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tumekataa. Ofisi ile iko karibu mno, na huenda ikauliza nani alibandika picha za wajukuu zetu wameshika vyeti, majina na shule vikisomeka.

Nimeambatisha nakala za vitambulisho vya mashahidi wote, mbele na nyuma. Tumezibandika Facebook pia, barua isije ikapotea njiani.

Wako mtiifu,
Katibu wa Kundi