Mipira Kumi na Mmoja

Jumatatu. Corolla yangu ya mwaka 1988, ya kabureta, ilizima mara nne kati ya Kimara na Ubungo. Haishiki sailensa: inapanda, inashuka, inakata. Daladala zilinipigia honi mpaka vijana wawili wanaouza maji wakanisukuma pembeni. Nilifika kazini saa nne na robo.

Jumanne. Gereji nilikuta magari sita mbele yangu. Zamu yangu ilipofika, fundi aliinua boneti, akaitazama ile mipira myembamba inayoizunguka kabureta, akachukua skrubu mbili. "Mzee, hii ya vakyumu haina kazi. Tunaziba tu." Nilimshukuru, nikafunga boneti. Mitatu ilikwisha kuzibwa na waliotangulia, na skrubu zao zimeshika kutu.

Kazi inayo. Injini ikiwa sailensa hunyonya hewa kwa nguvu, na mvuto huo ndio unaofungua na kufunga vali ndogo zote hizi. Mpira ukipasuka, hewa inaingia bila kupita kwenye kabureta, petroli inakuwa haba, gari linazima. Kuziba usichokijua si ufundi.

Jumatano, jioni. Nilibandika namba kwenye kila mpira kwa utepe wa karatasi, nikaufuata kwa kidole mwanzo hadi mwisho. Ni kumi na mmoja. Stika ya mchoro chini ya boneti ni ya Kijapani na robo yake imechanika. Kopo jeusi la pembeni lilinipa kazi ndogo: ndani lina mkaa unaoshika mvuke wa petroli kutoka kwenye tangi, kisha injini inaunyonya. Kidude cha bati, bapa kama kisahani cha chai, kilinichukua saa nzima. Kumbe ni vali ya EGR. Hurudisha moshi kidogo ndani ya injini ili moto wa kwenye silinda upoe na oksidi za nitrojeni zipungue. Mwaka 1978 Japani ilibana oksidi hizo hadi gramu 0.25 kwa kilomita, ndipo mipira ikaongezeka. Niliunganisha mpira safi kwenye vali, nikanyonya kwa mdomo injini ikiwaka. Injini ikatetemeka, ikazima. Vali ni nzima.

Alhamisi. Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, foleni ya saa mbili. Nilibeba kipande cha plastiki, duara, upande mmoja mweusi na mwingine wa kahawia. Duka la kwanza walisema ni filta ya petroli. La pili walisema sina budi kununua kabureta nzima na mipira yake. Nilikipuliza palepale kaunta: upande mmoja pumzi ilipita upesi, upande wa pili polepole mno. Ni vali ya kuchelewesha mvuto. Muuzaji alikipuliza naye, akasema hakuwahi kujua. Hakuwa nayo.

Ijumaa. Mvua.

Jumamosi. Kidude cha shaba kilichofungwa kwenye njia ya maji ya rejeta, chenye chuchu mbili, nilikitia kwenye sufuria jikoni. "Baba, hiyo ni ya uji," mama watoto alisema, nami nikaomba radhi. Kikiwa cha baridi hakikupitisha pumzi. Maji yalipochemka kilipitisha. Basi ni swichi ya joto, inayouzuia mvuto mpaka injini ipate moto. Sufuria nyingine nilinunua mchana.

Saa kumi nikaupata ufa. Mpira namba 4, chini kabisa, pale unapoingia kwenye kiungo cha njia tatu, umepasuka urefu wa ukucha. Ukiutazama kwa juu huuoni. Ukiukunja unafunguka kama mdomo. Nilikata mpira mpya wa sentimita 40. Kipimo cha vakyumu kilikuwa inchi 13 za zebaki, kikapanda hadi 18 na kutulia. Huku Dar, usawa wa bahari, hiyo ni afya. Arusha, kwa ule mwinuko, ningeridhika na 14.

Jumapili. Sailensa imeshika. Namba 9 bado. Inatoka kwenye kabureta, inapita nyuma ya betri, inaishia hewani, na hapo kuna matundu mawili ya bolti ya kitu kilichong'olewa. Mtaa wa pili kuna mzee mwenye Corolla kama hii. Nimemwomba afungue boneti kesho baada ya magharibi.