Jinsi ya Kuipasua Bahari Bila Kuivujisha

Nabii Musa aliipasua bahari kwa fimbo. Wewe huna fimbo. Una kompyuta nane, swichi moja ya mtandao na mwongozaji wa filamu anayelitaka wimbi lake kabla ya Ijumaa. Usihofu, inawezekana.

Kwanza hakikisha bahari yako, yaani maji ya kuigizwa kwa hesabu, inahitaji kupasuliwa na kugawiwa kompyuta kadhaa. Piga hesabu. Gridi ya visanduku vidogo, yaani seli, 1,000 kwa urefu, upana na kimo ina seli bilioni moja. Kasi ya maji peke yake, namba tatu kwa kila seli na baiti nne kwa kila namba, inameza gigabaiti 12 za kumbukumbu, na bado hujatia kanieneo, povu wala matone. Ukitaka ubora maradufu, seli zinakuwa mara nane. Urefu wa kila hatua ya muda nao kwa kawaida hupungua nusu, kwa hiyo kazi inakaribia mara 16. Kazi ikienea kwenye kompyuta moja, iache humo humo! Kompyuta iliyo peke yake haina wa kumsubiri. Na kama una milipuko kumi isiyogusana, kila mmoja upe mashine yake, ukalale.

Bahari yako ni kubwa kweli? Haya, tuigawe, ila usiigawe kwa muda. Kwenye kuchora picha, fremu ya 200 inaweza kutangulia ya tano na hakuna atakayelalamika. Maji hayaruki hatua, kwani fremu ya 200 huzaliwa na ya 199. Kinachokatwa ni eneo: kila kompyuta inapewa kipande chake cha bahari, na zote zinatembea pamoja hatua kwa hatua.

Sasa shika kisu. Ukikata kwa mlalo, kompyuta ya juu itasimamia hewa tupu na ya chini itabeba bahari nzima. Kata wima, kama boflo. Halafu tazama maji yanaelekea wapi. Bwawa likipasuka upande wa kushoto na maji yakakimbilia kulia, ukiukata mkondo kwa kukingama, mashine za kulia zitakaa bure mwanzoni huku za kushoto zikihema. Kisu kifuate mkondo: kila mashine ipate ukanda unaoanzia bwawani hadi mwisho, ili jasho liwatoke wote tangu fremu ya kwanza. Usichanganye kompyuta mpya na kuukuu pia, maana iliyo goigoi ndiyo itakayoamua mwendo wa zote.

Mpakani ndipo penye kazi. Kila kompyuta huweka nakala ya seli za jirani zinazogusana na zake, na nakala hizo lazima zisasishwe kila hatua. Ukuta wa seli 1,000 kwa 1,000 ni seli milioni moja, yaani megabaiti 12 za kasi. Mtandao wa gigabiti moja hupitisha takriban megabaiti 125 kwa sekunde, kwa hiyo hapo ni kama sehemu ya kumi ya sekunde tu. Hilo linavumilika.

Kisha inakuja kanieneo. Maji hayashindiliki; ukiyasukuma Mashariki, Magharibi inapaswa kujua papo hapo. Ili kulipata jibu, programu hurudia hesabu pengine mara mia kadhaa ndani ya hatua moja, na kila mara mashine zinabadilishana mipaka na kujumlisha namba zao kwa pamoja. Hapa watu hununua kompyuta ya tisa ilhali walichohitaji ni swichi na kebo bora. Mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl alikionyesha kikomo cha kugawa kazi mwaka 1967: sehemu moja ya kumi ya kazi ikiwa haigawanyiki, hata mashine elfu hazitakuvusha kasi mara kumi.

Kazi hii ina wazee wake. Kampuni ya athari za filamu ya ILM na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliyagawa maji ya filamu *Poseidon* ya 2006 kwa vichakata vingi, na mwaka 2008 Ron Fedkiw, Nick Rasmussen na Frank Losasso Petterson walitunukiwa tuzo ya sayansi na uhandisi ya Academy kwa mfumo wa maji wa ILM. Ukitumia programu ya uigaji ya Houdini ya kampuni ya SideFX, utakuta programu ndogo inayozikutanisha mashine; iwashe kwanza, la sivyo zitatafutana gizani.

Kabla ya mkesha, pitisha wimbi dogo juu ya mpaka kwa ubora wa chini, ulinganishe na lile la kompyuta moja. Tarakimu za mwisho zinaweza kutofautiana, kwani mpangilio wa kujumlisha umebadilika. Wewe tafuta mshono. Ukiona maji yanajikwaa kwenye mstari ulionyooka, nakala za jirani hazijafika.

Hifadhi hali ya mashine zote kwa wakati mmoja, kila baada ya fremu chache. Moja ikizimika saa tisa usiku, zote zinarudi pale zilipohifadhiwa mwisho na kuendelea. Fremu ya mwisho ikitoka, tawanya mashine: kila moja ichukue picha yake, ichore kwa mpangilio wowote inaotaka.