Pointi za Kushukia Kreta

Mtalii akifika lango la Loduare hahesabu noti, anatoa kadi ya mkopo. Kushusha gari moja kreta ya Ngorongoro ni dola 250 kabla hujaigusa VAT, na kila dola inamzalia pointi za kupandia ndege. Yaani mwenzetu anamtazama faru wetu huku anajichangia nauli ya safari ijayo. Hongera zake. Ila yale maandishi madogo hakuyasoma: kadi nyingi za Marekani hukata kama asilimia 3 kwa malipo ya nje ya nchi, wakati zawadi yenyewe mara nyingi ni asilimia 1 au 2. Na akichelewesha deni, riba inayopita asilimia 20 kwa mwaka imemkalia mkao wa kula.

Sisi wa Karatu kadi ya mkopo tunayo siku nyingi: daftari la Mangi mwenye duka. Halina riba, na kiwango cha mkopo hupangwa kwa kukutazama usoni. Zawadi yake ni pipi, chenji inapokosekana. Ukihamia kwenye pesa za simu, kutuma kuna makato, kutoa kuna makato, na mwaka 2021 serikali nayo ikaleta tozo yake. Pointi zipo, tena nyingi, isipokuwa anayezikusanya si wewe.

Afisa wa benki akija kuninadia kadi ya dhahabu nitamsikiliza kwa adabu zote, kisha anieleze: mama muuza vitunguu vya Mang'ola pale mnadani, mashine ya kadi ameificha kwenye gunia lipi?