Mgonjwa Mmoja, Waganga Ukoo Mzima

Ukitaka kujua una ndugu wangapi, piga chafya. Hutahitaji kuitisha kikao cha ukoo. Malaria ina kipimo chake, kisukari kina kliniki yake, na mtu akisema anaumwa hivyo watu huuliza daktari kasemaje. Mafua hayana mwenyewe. Kila aliyewahi kufuta kamasi anajihesabu bingwa, na bingwa wa mafua hangoji kualikwa.

Hapa Dar es Salaam msimu wake ni kipupwe, kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusi unapovuma na wakazi wa jiji wanapovaa masweta kwa baridi ambayo mtu wa Makete angeivalia singleti. Kwetu mafua huletwa na mwanafunzi wa darasa la pili, anayerudi na begi, kazi za nyumbani na makamasi ya wenzake. Mwenyewe akilala mchana mmoja, kesho yake utamkuta nje anacheza rede. Wanaobaki kitandani ni sisi tunaomlipia ada.

Safari hii yalimkamata mama watoto, kisha yakahamia kwangu. Mama yangu mzazi, anayeishi nasi, akawa wa kwanza kufungua zahanati. Mama ana msimamo mmoja ambao hajawahi kuulegeza: dawa isiyo chungu haijui kazi yake. Akachemsha majani mabichi ya mwarobaini mpaka maji yakageuka rangi ya brashi ya fundi rangi, akanikabidhi kikombe kimejaa hadi ukingoni. Nikamwomba walau kijiko cha sukari.

"Ugonjwa nao unapenda raha," alisema. "Ukiutilia sukari utahamia moja kwa moja."

Nikanywa. Kwa dakika kadhaa sikusikia mafua, wala njaa, wala jina langu likiitwa.

Jioni akaja mjomba na chupa ya asali ya Tabora, ameikumbatia kama mtoto. Asali, limau na tangawizi ni mchanganyiko usio na upinzani katika nchi hii. Hata watabibu wanakubali kwamba asali hutuliza kikohozi, mradi tu asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka, kwani huweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliviwezi. Shida ya mjomba ni kwamba haamini asali yoyote duniani, ikiwemo aliyoinunua mwenyewe. Lazima aipime.

Akaagiza kiberiti. Akachovya kichwa cha njiti kwenye asali, akakipangusa, akakikwangua. Kwa mujibu wa mjomba, njiti ikiwaka asali ni halisi. Isipowaka umeuziwa sukari guru. Ya kwanza haikuwaka. Akasema labda kiberiti kimeingia unyevu. Akajaribu njiti kavu. Ikawaka vizuri tu. Akachovya nyingine, hiyo nayo ikawaka, na asali yake juu.

"Sasa nusu chupa ni nzuri na nusu ni mbaya?" mama akauliza.

Mjomba hakupenda lile swali. Akaamua wingi wa njiti ndio utoe hukumu, akaendelea kuchovya na kukwangua, huku mimi nakohoa pembeni nikisubiri majibu ya maabara. Hatimaye akatangaza kwamba asali ni halisi. Tukafurahi. Mke wangu akainuka kwenda kuchemsha maji ya tangawizi, akalikuta lile jiko letu la gesi, ambalo kiwashio chake kilikufa zamani, linamsubiri, na kwenye boksi la kiberiti hamna hata njiti moja.

Kesho yake zamu ikawa ya nyungu. Kujifukiza kulikuwepo tangu enzi za mabibi zetu, lakini mwaka 2020 kulipanda cheo. Korona ilipoingia nchini mwezi Machi, nyungu ikatoka uani ikaingia kwenye hotuba. Rais Magufuli mwenyewe aliipigia debe, ndege ikatumwa Madagascar mwezi Mei kufuata kinywaji cha mitishamba, na sokoni malimau na tangawizi vikauzwa kwa bei ya kuringa. Tangu hapo mama haniambii tena "jifukize". Anasema, "Taratibu zifuatwe."

Taratibu zenyewe ni sufuria ile kubwa ya pilau, majani ya mkaratusi, ya mlimau, ya mpera na mchaichai, maji yachemke mpaka dirisha litoe jasho, kisha sufuria ishushwe sakafuni, wagonjwa wakae kwenye vigoda, blanketi lishuke. Watoto ni marufuku kusogea, na hapo namuunga mkono mama kwa asilimia mia, maana sufuria hiyo ikipinduka mtoto ataungua vibaya, na mafua yatakuwa si kitu tena.

Tukaingia mimi na mke wangu. Humo ndani kuna giza, kuna joto, na kuna jasho la mwenzako. Mama alikuwa nje ameshika mwiko, anasimamia. "Vuta kwa pua! Toa kwa mdomo! Nani huyo kafunua?" Simu yangu ikaanza kuita mfukoni, nikaogopa kuitoa isije ikatumbukia na kuwa kiungo. Mara tukasikia hodi. Alikuwa yule kijana anayekusanya hela ya taka.

"Shikamoo bibi. Wenyewe wapo?"

"Marahaba. Wapo," mama akajibu kwa utulivu, "ila bado hawajaiva."

Kukawa kimya. Nikataka kumsalimia kijana wa watu ili kumtoa wasiwasi, lakini kwa pua ile iliyoziba, na kutoka chini ya blanketi lile zito, sauti yangu haikumsaidia. Tulisikia ndala zikiondoka mbio. Mwezi ule hela ya taka hakuna aliyekuja kuidai.

Katika ukoo huu tuna mtaalamu mmoja wa kweli, mpwa wangu, muuguzi. Alipopata habari alituma ujumbe wa sauti wenye mambo yaliyonyooka. Mafua husababishwa na virusi. Mvuke hauviui, unalainisha makamasi kwa muda tu. Tunywe maji kwa wingi, tulale, tumeze parasetamoli kama homa inasumbua, tunawe mikono, tukohoe kwenye kiwiko. Tusikimbilie duka la dawa kuomba vidonge vya rangi mbili, kwani antibiotiki zinaua bakteria, virusi haziviwezi. Na mtu akianza kupumua kwa shida, au kifua kikabana, au homa ikakataa kushuka, au mtoto akawa mnyonge hataki hata kunywa, hapo nyungu iwekwe kando tuwahi hospitali.

Mama alisikiliza ujumbe wote mpaka mwisho. "Miaka yote ile chuoni," akasema, "wamemfundisha maji?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sayansi inapata tabu majumbani. Dawa yake haina uchungu, haina moshi, haihitaji mtu wa kushika mwiko. Ukimwambia mgonjwa alale, wewe uliyekuja kumtazama utafanya nini? Mjomba angekaa wapi na kiberiti chake?

Mpwa wangu hakukata tamaa. Akampigia bibi yake na kumsimulia kwamba mwaka 1933 huko Uingereza watafiti walikinasa kirusi cha homa ya mafua ya binadamu kwa kuwaambukiza wanyama wadogo wa ukoo wa kicheche, na kwamba baadaye mnyama mmoja alimpigia mtafiti chafya usoni, mtafiti naye akaugua.

"Na huyo mnyama walikuwa wamempa dawa gani?" mama akauliza.

"Hawakumpa kitu, bibi."

"Ndiyo maana."

Mama mkwe hakuweza kusafiri, kwa hiyo alitibu kwa WhatsApp. Agizo lake lilikuwa vitunguu maji vikatwe slesi, viwekwe ndani ya soksi, mgonjwa alale navyo ili vinyonye ugonjwa kupitia nyayo. Hakuna utafiti ninaoujua unaounga mkono jambo hilo, lakini mkwe hakataliwi, tena anadai picha. Mila zetu zimeeleza vizuri namna ya kumsalimia mama mkwe, umbali wa kukaa naye, hata chakula cha kumwandalia. Hazikueleza popote jinsi ya kumtumia picha ya miguu yako usiku, imejaa kachumbari. Akajibu, "Ahsante baba, geuza na ule wa kushoto."

Vitunguu saumu vilikuja kwa njia ya shangazi, aliyesema vimezwe vibichi asubuhi kabla ya chai. Sifa yake nitaitoa bila kusitasita: katika daladala la kwenda Posta, saa ambayo watu hupandiana mabegani, mimi nilipata siti, na ya pembeni yangu ikabaki wazi mpaka mwisho wa safari.

Baadaye kabisa, sote tumeshachoka, akapita jirani yetu kutoa pole na chupa ya chai ya mchaichai. Hakufanya utaratibu wowote. Haikuwa chungu, haikuwashwa, haikuhitaji blanketi. Nikanywa kikombe, nikalala, asubuhi pua zote mbili zikafunguka na mwili ukawa wangu tena.

Kufikia mchana mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba chai ya yule mama ni kiboko. Watu wakaanza kuja na vichupa. Mama yangu alinuna waziwazi. Yeye amelima na mwarobaini, mjomba amepalilia kwa asali, mkwe na shangazi wamemwagilia, halafu mtu wa nyumba ya pili anakuja kuvuna na chupa moja ya chai. Mpwa wangu akajaribu kueleza kwamba mafua kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya wiki moja au zaidi kidogo, uyatibu usiyatibu. Hakuna aliyemsikiliza, kwa kuwa maelezo hayo yanamnyima kila mtu sifa kwa usawa.

Mimi nilimsikiliza, na nimeyafanyia kazi. Mwenzangu ofisini akianza kuvuta makamasi, sikimbilii kumpa ushauri. Namuuliza kwanza yameanza lini. Akisema jana, nampa pole na kuendelea na shughuli zangu. Hao wa mwanzo niwaachie mama zao na shangazi zao. Akisema leo siku ya sita, natoa tangawizi kwenye droo, namkazia macho, namwambia anywe hii usiku wa leo kisha anipe majibu kesho. Sijakosea mgonjwa hata mmoja, na wiki iliyopita bosi mwenyewe ameniomba namba ya mganga wangu.