Mvua ya Mawe Kebirigo

Theluji hatuijui Gusii, lakini barafu tunaijua vizuri. Unyevu wa Ziwa Victoria hupanda milima ya Kisii na Nyamira mchana, na alasiri wingu hushuka na mvua ya mawe. Majirani zetu wa Kericho waliteseka nayo kiasi kwamba, miaka ya 1960 na 1970, ndege zilirushwa juu ya mashamba ya majani chai kunyunyizia mawingu iodidi ya fedha.

Tulikuwa tunamrudisha mama mkwe nyumbani, ng'ambo ya Kebirigo, akitoka kliniki mjini Kisii. Baba watoto alikuwa usukanini, mama kando yake, mimi, shemeji na watoto nyuma. Juu ya keria ya Probox tulikuwa tumefunga mabati ya jiko jipya la mama.

Mabati ndiyo yaliyotuarifu. Kelele ilizidi hata watoto wakaziba masikio. Baba watoto akaegesha kando ya lami, taa zikiwaka, na alifanya vema: mawe hubingirika chini ya tairi kama gololi, breki haishiki, dawa ni kungoja.

Lakini kwetu hatari kubwa huja barafu ikianza kuyeyuka. Maji huloweka ngozi ya juu tu ya udongo mwekundu, chini kukabaki kukavu na kugumu, na gari huteleza juu ya utando huo. Na njia ya kwa mama ni udongo mtupu, tena mteremko.

"Mwanangu, acha gari kwa jirani. Tutembee," mama akasema.

"Mama, wewe ni mgonjwa. Hutakanyaga matope."

"Kaka, gia namba moja, na usiguse breki," shemeji akasihi.

Tulishuka salama hadi konani. Hapo mkia ukatangulia, tukalala mtaroni.

"Tutandike mabati chini ya tairi," akasema shemeji.

"Bati la jiko langu halikanyagwi na gari," mama akajibu, bila kupaza sauti. Akatuma watoto kwa jirani waombe majivu. Vijana wa bodaboda wakaja na mabingobingo ya kutandika, upepo ukapunguzwa kwenye tairi, tukasukuma hadi giza likaingia. Gari likalala kwa jirani, kama alivyotaka mama tangu mwanzo. Mabati yalikwenda kichwani, naye akatembea taratibu, mjukuu huku na mjukuu huku.

Asubuhi hakuuliza habari za gari. Alikuwa shambani, kwenye majani chai. Machipukizi yote yalikuwa yamepukutika, matawi yamechubuka. Wiki kadhaa zingepita bila kuchuma, na kituo cha kununulia majani hakilipi kikapu kitupu. Karo ya chuo ya shemeji ilitegemea shamba lile. Baada ya chai tukaketi na daftari, mama akitaja madeni, baba watoto akiandika nani atabeba lipi.